Slaidi ya kigae au jiwe inapokataa kusomeka: dalili, visababishi na tiba

Slaidi ya jiwe au ya kigae cha chungu hunolewa hadi unene wa maikroni 30, yaani milimita 0.03. Katika unene huo chembe za kwatsi (madini ya kawaida ya mchanga), zikitazamwa vichujio viwili vya mwanga vya hadubini vikiwa vimekingamana, yaani mielekeo yao ikikatana kwa pembe mraba, huonekana za kijivu hadi nyeupe, na chache kati yao huwa na umanjano hafifu mno. Shika hilo kabla ya lolote. Matatizo mengi yanayoonekana kwenye jicho la hadubini hutoka kwenye taa, vichujio au unene, na yote matatu hupimwa kwa kwatsi. Mchanga wa pwani kutoka Tanga hadi Bagamoyo una kwatsi tele, kwa hiyo vigae vingi vya huku huja na kipimo chao tumboni.

Polaraiza ni kichujio kilicho kati ya taa na slaidi. Analaiza ni kile cha juu, kati ya lenzi inayoelekea slaidi na jicho lako. Jambo moja zaidi kabla ya kuwasha msumeno: kigae kilichotoka kwenye magofu ya Kaole, Tongoni au eneo lolote la malikale hakikatwi bila kibali cha mamlaka ya mambo ya kale. Kukata ni kuharibu. Jifunzie kwa chungu kilichovunjika nyumbani au ununue kipya sokoni ukivunje.

Vichujio vimekingamana lakini uwanja hauwi mweusi

Toa slaidi, ingiza analaiza, utazame. Uwanja unatakiwa kuwa mweusi tii. Ukiwa wa kijivu au wa kahawia, zungusha polaraiza polepole hadi giza lifike mwisho wake, kisha kaza skrubu. Usiishie hapo. Chukua slaidi ya gnaisi (jiwe la milia) yenye ulanga mweusi, toa analaiza, uzungushe meza ya hadubini, yaani sahani inayoshika slaidi. Ulanga mweusi huiva rangi zaidi pale mistari yake ya kupasukia inapolala sambamba na mwelekeo wa polaraiza. Kama wakati huo mistari haiendi sambamba na uzi wa msalaba ulio ndani ya lenzi ya jicho, basi vichujio vimekingamana vizuri lakini vyote viwili vimepinda, na kila pembe ya kuzimika (pale chembe inapogeuka nyeusi meza ikizungushwa) utakayopima itakuwa na kosa lilelile.

Giza likikataa hata baada ya hapo, badilisha lenzi ya chini, ile inayoelekea slaidi. Lenzi iliyowahi kuanguka au kukazwa kwa nguvu hubaki na mkazo ndani ya kioo chake, na mkazo huo hupitisha mwanga. Hakikisha pia hakuna plastiki popote njiani: kisahani cha plastiki au kifuniko cha plastiki huonyesha mistari ya rangi nzuri ambayo wanafunzi huichora wakidhani ni madini.

Wanaotumia hadubini ya kawaida ya baiolojia hutengeneza vichujio wenyewe, na hufanya kazi vizuri. Kioo cha aina ya LCD cha simu au cha kompyuta ya mapajani kilichokufa kina utando wa kuchuja mwanga mbele na nyuma; fundi simu atakupa bure. Ubandue, usafishe gundi kwa spiriti, weka kipande kimoja juu ya taa na kingine juu ya lenzi ya jicho. Vichujio vya kamera vya aina ya duara vina tabaka la ziada upande mmoja, na vikigeuzwa vibaya uwanja hauwi mweusi hata ukizungusha mpaka kesho. Uso unaotazama mpiga picha usielekezwe kwenye slaidi. Uso wa pili, ule unaotazama mandhari, ndio ukae upande wa slaidi, kwa kichujio cha juu na cha chini vilevile.

Kwatsi ni ya manjano, nyekundu au ya buluu

Kabla ya kulaumu unene, toa analaiza na utazame sehemu tupu ya kioo. Ikiwa nayo ina umanjano, kosa ni la taa. Balbu ya halojeni ikipata umeme mdogo, au ukiipunguza kwa kitufe, hutoa mwanga wa manjano; iongeze hadi karibu na mwisho, uweke kichujio cha buluu, na uzito wa mwanga upunguze kwa kichujio cha kijivu. Taa ya LED haihitaji kichujio cha buluu. Ukikiacha hapo kutokana na mazoea, kila kitu kitageuka baridi.

Taa ikiwa safi, basi slaidi ni nene. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha unene kwa 0.009, ambayo ni tofauti ya juu kabisa ya kupinda mwanga ndani ya kwatsi (maikroni moja ni nanomita 1000). Maikroni 20 hutoa nanomita 180, kijivu. Maikroni 30 hutoa 270, nyeupe inayoelekea manjano. Maikroni 40 hutoa 360, manjano kamili. Kwenye 50 rangi ni ya machungwa, na kwenye 60 ni nyekundu inayogeukia zambarau. Hii ni rangi ya chembe iliyokatwa kwa mwelekeo unaoonyesha tofauti yote. Chembe iliyokatwa kimshazari huonyesha rangi ya chini zaidi, na iliyokatwa wima kwa mhimili wake hubaki nyeusi. Kwa hiyo usihukumu kwa chembe moja. Pitia ishirini au thelathini, uchukue ile yenye rangi ya juu kuliko zote, na usihesabu kingo za chembe maana huko chembe huwa nyembamba.

Sasa noa. Kipande kilichobandikwa kwenye kioo hukatwa kikabaki karibu nusu milimita, kisha unga wa kusagia namba 220 ukishushe hadi milimita 0.1. Namba 400 hukifikisha maikroni 60 au 70. Kuanzia hapo tumia namba 600 peke yake na utazame kwa hadubini kila baada ya dakika moja au mbili. Rangi ya manjano ikianza kufifia, punguza mkono. Slaidi nyingi hufa kati ya maikroni 40 na 25, kwa kuwa mnoaji anaendelea kwa kasi ileile aliyoanza nayo.

Hapa ndipo msasa wa duka la vifaa vya ujenzi unapowadanganya watu. Msasa ulioandikwa P600 nyuma una chembe za wastani wa maikroni 26. Unga wa kusagia F600 una chembe za maikroni 9 hivi. Namba ni moja, kazi ni mbili tofauti, na P600 kwenye slaidi ya maikroni 40 ni kama kuparuza kwa panga. Ukikosa unga, tumia msasa wa maji P2500, ambao chembe zake ni maikroni 8 hivi, uliobandikwa juu ya kioo bapa cha dirisha chenye unene wa milimita 6 au zaidi.

Upande mmoja wa kijivu na mwingine wa manjano: slaidi imekuwa kabari. Vidole vilibonyeza upande mmoja, au gundi chini ya kipande haikulala sawa. Noa kwa kuchora namba nane, geuza slaidi robo mzunguko kila baada ya mizunguko ishirini, na uweke kidole juu ya upande mnene. Kama gundi yenyewe ndiyo kabari, kingo za kipande zikitazamwa kwa pembeni zitaonyesha mstari wa gundi unaopanuka. Hiyo haina dawa ya kunoa. Kata kipande kingine, na safari hii weka uzito wa kilo moja au mbili juu yake gundi ikikauka.

Vipi kama sampuli haina kwatsi? Jiwe la chokaa la Amboni, tumbawe la ukutani, au lipu ya chokaa yenye mchanga kidogo haikupi kipimo, kwa sababu kalisaiti, madini ya chokaa, hubaki na rangi ile ya lulu hata slaidi ikiwa na unene wa mara mbili. Bandika kijipande cha jiwe lenye kwatsi pembeni mwa sampuli kwenye kioo kilekile, uvinoe pamoja.

Matundu, mapovu na chembe za ajabu

Vigae vya pwani vingi vilichomwa kwa moto wa wazi na ni laini. Vikinolewa bila kushibishwa epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili), chembe za mchanga hung'oka na kuacha matundu yenye umbo lake. Tundu la kung'oka lina kingo kali na mara nyingi mkwaruzo unatokea hapo. Tundu la asili la chungu lina kingo laini, na mengi huwa yamelala sambamba na ukuta wa chungu. Dawa ni kushibisha kabla ya kunoa uso wa kwanza:

1. Kausha kipande kwenye nyuzi 60 usiku kucha. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, na kigae kilichoachwa mezani kimeshiba maji hata kama kinaonekana kikavu. Epoksi ikikutana na maji hugeuka maziwa.
2. Changanya epoksi nyepesi kwa uzito, kwa mizani inayosoma gramu 0.1, kufuatana na lebo. Kijiko si kipimo, kwa kuwa sehemu mbili za epoksi hazina uzito sawa. Kuzidisha kigandishaji hakuharakishi chochote. Kunaacha gundi laini milele.
3. Kipande kikiwa bado cha moto, mimina kutoka ukingo mmoja tu, polepole, ili hewa itokee upande wa pili. Mwenye pampu ya kutoa hewa aitumie.
4. Changanya gramu 10 au 15 kwa mara moja. Kikombe kilichojaa hupata moto chenyewe na kuganda mkononi, hasa mchana wa Januari.

Epoksi ikishakauka huweza kuwa na utando wa mafuta juu yake. Husababishwa na unyevu wa hewa kukutana na kigandishaji. Uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kabla ya kunoa, la sivyo gundi ya pili haitashika na kipande kitaruka kutoka kwenye kioo katikati ya kazi.

Povu la hewa ni duara lenye ukingo mnene mweusi katika mwanga wa kawaida. Tundu lililojaa epoksi halina ukingo huo. Yote mawili huwa meusi vichujio vikikingamana. Chembe kali zenye kona, zenye kingo nyeusi nene, zilizojikusanya ndani ya nyufa na matundu tu, si madini ya chungu: ni unga wa kusagia. Piga mswaki laini chini ya bomba kila unapobadili namba, na usiguse unga mwembamba kabla ya mikono, kioo na slaidi kuwa safi.

Matundu ya mraba, au chumvi nyeupe inayochipua kwenye kigae kilichookotwa ufukweni, ni kazi ya maji ya bahari. Loweka kigae kwenye maji baridi, badilisha kila siku, na umalizie kwa maji yaliyotoneshwa. Tone la naitreti ya fedha kwenye maji ya mwisho lisipoleta wingu jeupe, chumvi imekwisha. Usipime maji ya bomba kwa dawa hiyo, yana kloridi yake. Udongo unaovimba ukilowa hunolewa kwa mafuta ya taa badala ya maji, dirisha likiwa wazi na jiko likiwa mbali.

Picha ina ukungu au chembe inakimbia

Ukungu ukitokea kwenye lenzi ya mara 40 tu wakati ya mara 10 iko safi, geuza slaidi. Lenzi ya 40 hukaribia sampuli hadi chini ya milimita moja, na kioo cha slaidi kina unene wa milimita 1 hivi. Sampuli ikiwa chini haiwezi kufikiwa, na anayeendelea kukaza skrubu atavunja kitu. Kama iko juu na bado kuna ukungu, soma maandishi ubavuni mwa lenzi. Ikiandikwa 0.17 inahitaji kifuniko cha kioo cha milimita 0.17.

Kwa uchafu, tafuta kwanza unakaa wapi. Zungusha lenzi ya jicho: ukizunguka nao, uko hapo. Sogeza slaidi: ukisogea, uko kwenye slaidi. Badilisha lenzi ya chini: ukitoweka, umeupata. Futa kwa karatasi ya lenzi na tone la spiriti ya isopropili, wala si kwa pindo la kanga au fulana, ambazo hubeba mchanga. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama mizizi ni kuvu, adui mkubwa wa hadubini za pwani. Ikiwa ndani ya lenzi mpelekee fundi. Kinga yake ni kasha linalofunga vizuri lenye jeli ya silika inayokaushwa upya rangi yake inapobadilika. Mfuko wa nailoni uliofungwa juu ya hadubini yenye unyevu hulea kuvu.

Chembe ikikimbia uwanjani meza inapozungushwa, lenzi haijakaa katikati. Weka chembe ndogo kwenye msalaba, zungusha nyuzi 180, utazame ilipofika. Irudishe nusu ya njia kwa skrubu mbili ndogo za lenzi, nusu iliyobaki kwa kusogeza slaidi kwa mkono. Rudia mara mbili tatu, kwa kila lenzi peke yake.

Mwanga wa kawaida, slaidi inaonekana tupu

Epoksi nyingi hupinda mwanga karibu sawa na kwatsi, ambayo ni 1.544 hadi 1.553, hivyo kingo za chembe hupotea. Funga kiwambo cha kondensa (kioo cha kukusanya mwanga kilicho chini ya meza) hadi kingo zijitokeze. Kisha shusha meza kidogo: mstari mwangavu ulio ukingoni mwa chembe huhamia upande wa kitu kinachopinda mwanga zaidi. Kwa njia hiyo felispa ya potasiamu, madini yanayopinda mwanga pungufu kuliko epoksi, hutengana na kwatsi hata kabla ya kukingamanisha vichujio.

Slaidi ni nzima, lakini unachokiona kinakuchanganya

Katikati ya kigae ni peusi na kingo ni nyekundu. Wengi hufikiri katikati ni nene. Tafuta kwatsi ndani ya weusi huo: ikiwa ya kijivu na nyeupe, unene uko sawa, na weusi ni kaboni ya majani na mizizi ambayo moto haukuifikia kwa muda wa kutosha. Zungusha meza pia uangalie udongo wenyewe. Ukiwaka na kuzimika, chungu kilichomwa chini ya nyuzi 800 hadi 850 hivi. Ukibaki kimya, umeanza kugeuka kioo.

Chembe ni nyeusi daima, hata meza ikizungushwa duara zima. Toa analaiza. Ikisimama juu ya jirani zake kwa kingo nene na rangi ya waridi hafifu, ni madini ya ganeti. Ikiwa haionekani kabisa, ni tundu lililojaa epoksi au kwatsi iliyokatwa wima kwa mhimili wake. Ganeti katika kigae cha Tanga haishangazi: mto Sigi hushuka kutoka Usambara ya Mashariki, milima ya miamba iliyogeuzwa kwa joto na shinikizo kubwa, na bonde la Umba lina ganeti za vito. Lakini tahadhari, kwani hapa ndipo ripoti nyingi huteleza. Mto Ruvu unaoingia baharini karibu na Bagamoyo hupokea maji ya Uluguru, nako kuna miamba ya jamii hiyohiyo. Ganeti peke yake, au kwatsi inayozimika kwa mawimbi badala ya mara moja, haithibitishi kwamba chungu kilifinyangwa Tanga. Chota mchanga wa Sigi, Pangani, Wami na Ruvu, changanya kila mmoja na epoksi, uunoe kama kigae, kisha hesabu chembe 300 kwa kila slaidi. Linganisha uwiano wa madini ya felispa, amfiboli, piroksini na ganeti. Bila slaidi hizo za mchanga, maneno juu ya asili ya udongo ni kubahatisha.

Chembe zenye rangi ya lulu, ambazo katika mwanga wa kawaida hupepesa meza ikizungushwa, ni kalisaiti au aragonaiti. Gamba la kombe lina matabaka marefu yaliyopangana au kukatana. Tumbawe lina nyuzi zinazofunguka kama upepeo. Viumbe vidogo vya mchanga wa bahari vina vyumba vyumba. Kalisaiti iliyozingira kuta za matundu na kujaza nyufa si ya mfinyanzi. Iliingia na maji ya ardhini chungu kikiwa kimefukiwa, na ukiihesabu kama mchanga uliochanganywa makusudi umeharibu hesabu yote. Matundu matupu yenye umbo la gamba nayo husema jambo: ama moto ulipita nyuzi 700 au 800 na kuvunja kalisaiti kuwa chokaa hai, ama kuna aliyeosha kigae kwa siki ili king'ae. Uliza kwanza kilioshwaje. Jaribio la asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 lifanywe kwenye kipande kilichobaki, kamwe si juu ya slaidi.

Picha ya simu haina kipimo

Funga mizania ya rangi ya simu ukiwa unatazama kioo kitupu, la sivyo simu itajaribu kusahihisha rangi za kwatsi na kufuta kile unachokitafuta. Kwa ukubwa, soma namba ya uwanja iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho na uigawe kwa ukuzaji wa lenzi ya chini: namba 18 kwa lenzi ya 10 ni uwanja wa milimita 1.8. Simu ikikata kingo za duara, hesabu hiyo haifai tena. Piga picha ya rula ya hadubini yenye milimita 1 iliyogawanywa mara 100, kwa kila lenzi, bila kugusa ukuzaji wa simu. Andika kwenye jina la faili lenzi iliyotumika na kama analaiza ilikuwa ndani au nje.